Wapendwa wa jumuiya, karatasi ipo, ila haisemi mnavyosikia

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wa sauti wa shemeji nimeusikiliza mpaka mwisho: eti Ujerumani hakuna anayemwamini Mungu kwa sababu Wazungu wamesoma sana, na kijana akitua tu anasainishwa karatasi ya kumkana Yesu. Nani anawaletea maneno haya? Karatasi ipo kweli. Inachouliza ni kama wewe ni wa kanisa, na ukikubali unalipa.

Iko hivi. Ukihamia kwenye chumba una wiki 2 za kwenda ofisi ya mji kujiandikisha makazi. Kwenye fomu kuna kisanduku cha dini. Ukijaza Mlutheri, habari inafika kwa watu wa kodi, na kwenye karatasi ya mshahara zinatokea herufi ev (Mkatoliki ni rk), kisha chini kabisa mstari wa KiSt, yaani kodi ya kanisa. Ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, au 8 ukiwa Bavaria au Baden-Württemberg. Nasema ya kodi, siyo ya mshahara kama mnavyosambaziana. Ukikatwa kodi ya mapato euro 300, kanisa linachukua 27. Asiyefikia kiwango cha kukatwa kodi ya mapato halipi kitu. Walokole wengi na Waislamu hawamo kwenye mpango huu kabisa.

Kutoka kanisani nako kuna ofisi yake: majimbo mengine mahakamani, mengine kwa msajili wa vizazi na ndoa. Unakwenda na pasipoti na cheti cha makazi, unasaini, sehemu nyingi unalipa kama euro 30, basi. Hakuna anayekuuliza kama Mungu yupo. Cheti cha kutoka usikitupe hata ukihama mji, maana miaka mingi baadaye unaweza kudaiwa ushahidi, na ukikosa unaandikiwa deni. Mwaka 2022 Wakatoliki peke yao walitoka zaidi ya 520,000. Mkisikia idadi hiyo msidhani wote wamekuwa wapagani. Wapo waliokasirishwa na kashfa za mapadri, wapo wanaobana matumizi, na wapo ambao wangali wanasali nyumbani.

Sasa hilo la kusoma, ambalo ndilo linaloniudhi zaidi. Chukueni Leipzig, mji ule ule ambao misioni yake ilianza kazi Machame mwaka 1893. Ujerumani Mashariki, nchi ya kikomunisti ambayo Leipzig ilikuwa ndani yake, ilipoundwa mwaka 1949, zaidi ya watu 9 kati ya 10 walikuwa wa kanisa. Kufikia 1989 walibaki takriban 3. Hesabu na fizikia hazikuwafanya hivyo. Mwaka 1954 serikali ya kikomunisti ilileta Jugendweihe, sherehe ya vijana wa miaka 14, umri ule ule wa kipaimara: nguo mpya, zawadi, hotuba, na ahadi kwa ujamaa. Aliyeikataa aliweza kunyimwa sekondari ya juu na chuo kikuu. Wazazi wakapiga hesabu zao kimya kimya, kama ambavyo na ninyi mngepiga. Mei 30, 1968, serikali ikalipua kwa baruti kanisa la Paulinerkirche, kanisa la chuo kikuu, katikati ya mji.

Halafu ni sala za Jumatatu saa 11 jioni kwenye kanisa la Nikolaikirche zilizozaa maandamano ya Oktoba 9, 1989, watu kama 70,000, na mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ukafunguka. Mngetegemea makanisa yafurike. Hawakurudi. Mtu ambaye hakumwona mama yake akipiga magoti hana cha kumwonyesha mtoto wake. Watu hawa hawana ugomvi na Mungu, hawajawahi hata kubishana juu yake; ukiwauliza dini, wengine wanakujibu kwamba wao ni watu wa kawaida tu.

Vuka mpaka uingie Poland: ukomunisti ule ule, shule zile zile, na imani ikashika. Kule nchi ilifutwa kwenye ramani kuanzia 1795 hadi 1918, kanisa likabaki ndilo linalowakumbusha kuwa wao ni taifa, kwa hiyo kuliacha kulinuka usaliti. Kwa Wacheki kanisa lilionekana mali ya watawala wao wa kigeni wa Vienna, Austria. Kule kuliacha ndiko kulikuwa uzalendo. Wengine watawaambia ni bima ya matibabu na pensheni, kwamba aliyeshiba hana cha kumlilia Mungu. Pana ukweli humo, lakini Wamarekani nao ni matajiri, na wanasali kuliko Wajerumani.

Vijana wetu je? Wengi wanapoa bila kusoma kitabu chochote. Zamu ya nyumba ya wazee Jumapili inaanza saa 12 asubuhi, ibada ni saa 4, na hakuna mzee wa kanisa atakayekuja kuuliza ulikuwa wapi. Hakuna bahasha yenye namba yako, hakuna mnada wa ndizi na mayai baada ya ibada. Huko nyumbani wapo wasioamini hata chembe, na kila Jumapili wako kiti cha mbele.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayekuja kusomea uuguzi, jaza kweli. Usidanganye ofisi ya Mjerumani. Lakini ukiona mkato unakuzidi, toka, usione aibu, Mungu hasomi karatasi ya mshahara. Ila usitoke haraka! Hospitali na nyumba za wazee nyingi ni za Caritas na Diakonie, mashirika ya huduma ya Wakatoliki na ya Waprotestanti, na kwenye baadhi ya kazi zao bado wanaangalia hilo. Ukitoka husimamii mtoto ubatizo, na siku usharika wa nyumbani ukidai barua ya utambulisho ili ufunge ndoa, mchungaji wa huku hana cha kuandika. Tafuteni ibada ya Kiswahili, hata ya mara moja kwa mwezi. Nauli itakuumiza, nenda.

Na mchango wa paa msinipangie kiwango kwa kuwa niko Ulaya. Mhasibu wa usharika atume makadirio: idadi ya bati, geji, mbao, na fundi anadai kiasi gani. Nitalipia bati moja kwa moja dukani, risiti ije kwa jina la usharika.