Tiketi ya ugavana haimo mfukoni mwa gavana

SWALI: Wakili, hujambo? Mimi ni mwakilishi wadi, muhula wa pili, na nimeamua kuwania ugavana mwaka 2027 kwa tiketi ya chama changu, ambacho ndicho chenye nguvu huku kwetu. Gavana anamaliza muhula wake wa mwisho na ametangaza mazishini zaidi ya mara moja kwamba naibu wake ndiye mrithi. Jamaa mmoja wa makao makuu ya chama ameniambia nikipanga "kitu" mapema, cheti kitatoka bila mchujo. Wenzangu katika bunge la kaunti nao wanataka tumng'oe gavana ili naibu akose wa kumbeba. Je, gavana anaweza kweli kumpa naibu tiketi? Na wakininyima, si nitaenda kortini au nisimame kama mgombea huru? – Mwakilishi Wadi, Magharibi mwa Kenya

JIBU: Mheshimiwa, hilo la kumng'oa gavana nilimalize kwanza kwa sababu ni fupi. Gavana akiondolewa, Kifungu cha 182 cha Katiba kinamkabidhi naibu kiti kwa muda uliosalia. Ndivyo James Nyoro alivyoingia Kiambu mwanzoni mwa 2020 baada ya Seneti kumwondoa Ferdinand Waititu, na ndivyo Isaac Mutuma alivyoapishwa Meru Machi 2025 baada ya Kawira Mwangaza. Kwa hiyo mkipata thuluthi mbili ya wawakilishi, na Seneti ikawaunga mkono, mtakuwa mmemhamisha mpinzani wako kutoka gari la naibu hadi gari lenye bendera. Tena, akiingia huku imebaki chini ya miaka miwili na nusu kabla ya uchaguzi, muda huo hauhesabiwi kuwa muhula. Atakuwa na mihula yake miwili kamili mbele yake. Aliyewapa wazo hilo huenda anafanyia kazi naibu.

Kuhusu gavana kugawa tiketi: hawezi. Sheria ya Vyama vya Kisiasa, baada ya marekebisho ya 2022, inatambua njia mbili za uteuzi: wanachama waliosajiliwa wapige kura wenyewe, au wajumbe waliopatikana kwa mujibu wa katiba ya chama wachague. Tangazo la mazishini halimo humo. Tiketi ya moja kwa moja, yaani cheti bila mchujo, ipo, sikatai, lakini tazama hutoka wapi. Homa Bay mwaka 2022, chama cha ODM kilimpa Gladys Wanga cheti bila mchujo baada ya Oyugi Magwanga kukubali kuwa mgombea mwenza wake. Mpango huo ulisukwa na viongozi wa chama kitaifa. Siaya mwaka 2013, Oburu Oginga na William Oduol walivutana hadi chama kikawaweka kando wote wawili na tiketi ikamwangukia Cornel Rasanga. Na Kiambu mwaka 2017, William Kabogo alikuwa gavana aliye kitini, mwenye magari, pesa na maafisa wa kila wadi, na bado alibwagwa na Waititu katika mchujo wa Jubilee. Gavana aliyeshindwa kujipa tiketi mwenyewe atampaje naibu wake?

Baraka za gavana zina uzito, sisemi hazina. Zinaleta umati, zinaleta wafadhili, zinawatia hofu wapinzani. Lakini ukifika mbele ya Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, hakuna anayeuliza gavana alisema nini. Wanauliza kama chama kilifuata kanuni zake chenyewe za uteuzi. Kanuni hizo si siri, kwa maana chama kinalazimika kuziwasilisha kwa tume ya uchaguzi, IEBC. Umezisoma? Wawaniaji wengi wanaokuja ofisini kwangu hawajazisoma, na wameshachapisha fulana.

Sasa nije kwenye sentensi yako ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayonikera kila msimu: "si nitaenda kortini au nisimame kama mgombea huru?" Watu huitamka kana kwamba milango hiyo miwili iko wazi usiku na mchana. Kila mmoja una saa yake ya kufungwa, na mara nyingi ukiingia mmoja umejifungia mwingine.

Anza na ugombea huru. Kifungu cha 85 kinataka mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote, na asiwe amekuwa mwanachama kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Piga hesabu kurudi nyuma: mwanzoni mwa Mei uwe umeshatoka chamani, na barua yako iwe imepokelewa. Mwaka 2022 vyama vilitakiwa kumaliza mchujo kufikia 22 Aprili, na waliotaka kusimama huru walitakiwa wawe wametoka vyamani mapema Mei. Ni kama wiki mbili tu. Ndani ya wiki hizo mbili ndimo unamotakiwa kulalamika chamani, kusubiri kamati ya rufaa ya chama, kwenda kwa Jopo, na huku bado huna hakika kama cheti ni chako.

Ukibaki chamani kupigania cheti, kisha Jopo likakuangusha katikati ya Mei, mlango wa ugombea huru umekwishafungwa. Ukitoka mapema kujihami, kesi yako ya cheti imekufa, kwa sababu mtu asiye mwanachama hadai tiketi ya chama. Ni lazima uchague, na ni afadhali uchague sasa ukiwa na akili timamu kuliko usiku wa manane baada ya matokeo, huku vijana wakiimba nje ya lango lako.

Wewe una mtego mwingine ambao hukuutaja, na nashuku hukuujua. Kwa kuwa ulichaguliwa katika wadi kwa tiketi ya chama, Kifungu cha 194 kinasema ukijiuzulu kutoka chama hicho kiti chako kinabaki wazi. Barua unayoipeleka kwa chama unampelekea pia karani wa bunge la kaunti, na siku hiyo unarudi kuwa raia wa kawaida. Huenda ukaona ni gharama ndogo kwa miezi iliyobaki. Sawa, lakini iwe ni uamuzi wako. Isiwe ni taarifa unayoisikia redioni ukiwa njiani.

Ugombea huru wenyewe si ndoto. Ndiritu Muriithi alishinda Laikipia hivyo mwaka 2017, na Kawira Mwangaza akashinda Meru mwaka 2022. Lakini Kawira hakuwa amekimbilia huko baada ya kupigwa mchujo. Alikuwa tayari Mwakilishi wa Wanawake asiye na chama. Kabogo naye, baada ya mchujo wa Kiambu, alisimama huru na akashindwa tena. Evans Kidero, aliyewahi kuwa gavana wa Nairobi, vilevile alisimama huru Homa Bay mwaka 2022 na hakufua dafu.

Kortini sasa. Mteja hunipigia simu alfajiri, sauti imekauka, akitaka tukimbie Mahakama Kuu saa tatu. Namuuliza: umelalamika chamani? Hajalalamika, anasema chama ndicho kilichomwibia. Sheria haijali hisia hizo. Jopo halikusikilizi mpaka uonyeshe kwamba ulijaribu kutumia njia za ndani za chama, na Mahakama Kuu inakuja baadaye kama rufaa. Wanaopanga kunyamaza wakisubiri kufungua kesi ya kupinga uchaguzi baada ya Agosti wajue kwamba Mahakama ya Juu ilishalisema hilo mwaka 2019: mizozo ya kabla ya uchaguzi, ya uteuzi ikiwemo, imalizwe kwa IEBC au kwa Jopo kwanza. Huwezi kuikunja mfukoni ukaja kuitoa baadaye.

Na ushahidi wenyewe! Mwaniaji ananiletea simu iliyojaa video: masanduku yanachomwa, mwanamke anapiga mayowe, gari la mpinzani linaondoka kasi. Namwomba fomu za matokeo za kila kituo, zilizotiwa sahihi na mawakala. Anazo chache, nyingine ni picha zenye kivuli cha kidole juu ya tarakimu. Namwomba nakala ya malalamiko yenye muhuri wa chama wa kupokelewa, saa na tarehe. Hana. Nimeona kesi nzuri ikifa kwa kukosa muhuri huo mmoja, na nimeona kesi ya kawaida ikishinda kwa sababu wakala mmoja mkaidi alikataa kutoka kituoni bila fomu yake.

Kabla ya hayo yote kuna sajili ya wanachama. Kura ya moja kwa moja ni ya wanachama waliosajiliwa, si ya kila anayevaa kofia ya chama. Mwaka 2021 Wakenya wengi walipochungulia sajili ya Msajili wa Vyama waligundua wameandikishwa katika vyama wasivyovijua. Bonyeza *509# au ingia eCitizen uanze na jina lako mwenyewe, kisha wa nyumbani kwako, kisha mawakala wako. Mwaniaji mmoja aliyekuja kwangu alikuwa bado ameandikwa katika chama cha mpinzani wake, na mpinzani alikuwa akilijua hilo muda mrefu kabla yake.

Nimemwacha mwisho huyo jamaa wa makao makuu, kwa sababu simzungumzii yeye peke yake. Kila msimu wanachipuka: broka wa tiketi, "mshauri wa mikakati", wakala anayedai kulala nyumba moja na kiongozi wa chama. Cheti wanachoonyesha kina nembo safi, muhuri wa bluu, na sahihi iliyonakiliwa kwa kompyuta ambayo ukiikuza inavunjika vidoto. Hicho hicho wamemwonyesha na mwenzako. Wanawauzia watatu, mmoja anashinda kwa kura zake mwenyewe, na broka anadai ni yeye aliyefanya kazi. Wawili waliobaki hawana pa kwenda, maana hakuna mahakama itakayokusaidia kudai hongo yako irudi, na ukisimulia sana utajikuta wewe ndiye unayeandikisha taarifa. Nimeona mashamba yakiuzwa kwa ajili ya karatasi ya namna hiyo. Nimeona mjane akiendelea kudaiwa na benki baada ya mwaniaji kufariki.

Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ndio wanaolengwa zaidi, wakiambiwa chama kina "nafasi maalumu" ya ugavana. Hakuna kitu kama hicho. Orodha za viti maalumu ni za bunge la kaunti, Seneti na Bunge la Taifa. Gavana huchaguliwa moja kwa moja na wapiga kura wote wa kaunti.

Huyo jamaa yako akikupigia tena, mwambie uko tayari kulipa, ila malipo yaingie katika akaunti ya chama, kwa risiti ya chama, yenye jina lake na sababu ya malipo. Kisha tulia usikilize atakavyokohoa.