Barua zenu: Vita vya Kivu, nani tumwamini?

SWALI: Shikamoo mama. Kundi letu la ukoo limegawanyika kwa sababu ya vita vya mashariki mwa Kongo. Baba mdogo anasema jeshi la Rwanda limo ndani ya kundi la waasi la M23. Shemeji anasema huo ni uzushi wa Kinshasa, na kwamba wageni halisi ni mamluki wa Kizungu na wauaji wa Rwanda wa 1994 wanaolelewa na serikali ya Kongo. Kila mmoja anatuma video, mwingine anajibu “propaganda”. Tumsikilize nani? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba yako mdogo amesema kweli. Shemeji naye, katika yale anayoyashutumu, amesema kweli. Tatizo liko kwa yale ambayo kila mmoja ameyaruka.

Nianze na baba mdogo, kwa kuwa ushahidi wake hautegemei video za kutumiana. Kikundi cha Wataalamu wa Umoja wa Mataifa kinachofuatilia vikwazo vya Kongo kilieleza katika ripoti iliyotoka Julai 2024 kwamba kulikuwa na askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 ndani ya Kongo, wakipigana upande wa M23. Wataalamu hao huhoji wapiganaji waliotekwa au waliotoroka, hulinganisha picha zilizopigwa kutoka angani, huchunguza sare na silaha. Kisha Februari 21, 2025, miji ya Goma na Bukavu ikiwa imeshaanguka mikononi mwa M23, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2773 likiitaka Rwanda, kwa jina lake, iache kuisaidia M23 na iondoe majeshi yake. Kura zote 15 zilisema ndiyo: Marekani, China, Urusi, pamoja na Algeria, Sierra Leone na Somalia. Anayesema ni uzushi wa Kinshasa aeleze Mogadishu na Beijing ziliingiaje humo.

Kigali husema ina “hatua za kujihami” mpakani. Rais Kagame alipoulizwa na CNN mapema Februari 2025 kama askari wake wamo Kongo, alijibu kwamba hajui. Wenye umri wangu tunakumbuka vita vya 1996 na 1997 vilivyomwondoa Rais Mobutu wa Kongo. Wakati ule pia Rwanda ilikana, mpaka Julai 1997, Mobutu akiwa ameshakimbia, ndipo Kagame, akiwa Waziri wa Ulinzi, alipoliambia gazeti la Washington Post kwamba Rwanda ndiyo iliyopanga na kuongoza mapambano yale. Ndiyo maana kukana peke yake hakunitoshi.

Sasa shemeji. FDLR, kundi la waasi Wahutu wa Rwanda walioko Kongo, ipo, na mizizi yake inafika kwa watu walioshiriki mauaji ya kimbari ya 1994. Wataalamu wale wale waliowaona askari wa Rwanda ndio walioandika kwamba jeshi la Kongo limeshirikiana na FDLR na kuwatumia Wazalendo, yaani wanamgambo wanaopigana upande wa serikali. Mamluki nao si hadithi: Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, Waromania wapatao 280 waliokuwa wakifanya kazi upande wa serikali walivushwa mpaka kwenda Rwanda, kamera zikiwatazama. Askari wa Burundi nao wamepigana upande wa Kinshasa. Shemeji hakubuni lolote hapo.

Unaona basi jinsi propaganda ya vita hivi inavyofanya kazi. Uongo mtupu upo, lakini ni rahisi kuufichua. Kinachotugawa ni ukweli uliokatwa nusu. Kila upande unahesabu wageni wa mwenzake kwa uaminifu mkubwa na kunyamaza kuhusu wa kwake.

Hata hivyo sitaki uondoke ukidhani mizani imelingana. Serikali inayotambuliwa ikiita jeshi la jirani au ikikodi mamluki, tunaweza kuilaumu, na mimi nailaumu. Nchi kuvusha maelfu ya askari ndani ya nchi nyingine na kusaidia kuteka miji yake ni jambo zito zaidi, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa unalikataza waziwazi. Kushirikiana na FDLR ni doa ambalo Kinshasa lazima ilijibu. Lakini Bukavu haikutekwa na FDLR.

Na sisi Watanzania tusijifanye watazamaji wa pembeni. Mwaka 2013 wanajeshi wetu walikuwa kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, iliyosaidia kuishinda M23 mara ya kwanza. Kuanzia Desemba 2023 SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilipeleka kikosi chake, wanajeshi wetu wakiwamo, na katika mapigano ya Goma ya Januari 2025 tulipoteza vijana 2. Afrika Kusini ilizika 14. Kagame akasema hadharani kwamba kikosi kile cha SADC si cha kulinda amani bali cha vita. Naliona neno hilo kuwa kali kwa familia zilizofiwa, ila ni kweli kikosi kile kilitumwa kusaidia upande mmoja. Mtanzania anapotoa hukumu kwenye kundi lenu, naye alikuwa na ndugu zake vitani.

Fanya hivi. Video inayofuata ikija, muulize shemeji: askari wa Rwanda je? Muulize baba mdogo: FDLR je? Atakayejibu kuhusu upande wake mwenyewe bila kugeuza mazungumzo, huyo msikilizeni hata kama hamkubaliani naye.

SWALI: Mama, nimechoshwa na takwimu. Leo watu 8, kesho 272. Nimeamua kutoamini idadi yoyote ya waliokufa. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Naelewa uchovu wako, lakini uamuzi huo unawasaidia waliofanya mauaji.

Hizo 8 na 272 nadhani umezitoa kwenye habari za Kishishe, kijiji cha Rutshuru, Novemba 2022. M23 ilisema raia 8 walikufa kwa risasi zilizopotea njia. Serikali ya Kongo ilianza na 50, siku chache baadaye waziri wake mmoja akasema 272. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa hawakuweza kufika Kishishe kwenyewe. Wakaenda Rwindi, jirani na hapo, wakahoji watu 52, manusura na walioshuhudia, wakasema waliouawa na M23 Kishishe na kijiji kingine cha Bambo ni angalau 131, na humo wakiwamo wanawake 17 na watoto 12. Waliuawa kwa risasi au kwa silaha zenye makali, kwa hiyo risasi zilizopotea njia haziwezi kueleza yaliyotokea. Msomaji, shika hilo neno “angalau”. Anayelitumia anakuambia amehesabu kile alichoweza kukithibitisha. Anayetaja idadi kamili kabla hata ya mtu kufika kijijini, awe waziri au msemaji wa waasi, huyo ndiye wa kumtilia shaka.

Tazama pia namba zinahesabu wapi na tangu lini. Mapema Februari 2025 Umoja wa Mataifa ulitaja maiti zipatazo 2,900 zilizookotwa Goma. Mwishoni mwa mwezi Waziri Mkuu wa Kongo, Judith Suminwa, akataja vifo zaidi ya 7,000. Watu wakapiga kelele kwamba mmoja anadanganya. Yeye alikuwa akizungumzia mashariki yote tangu Januari, na wale walizungumzia mji mmoja.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi. Nimetumiwa video ya askari wakichoma nyumba, imeandikwa “Goma leo”. Nitajuaje? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba. Kwanza tazama chini. Goma imekaa miguuni mwa Nyiragongo, volkano iliyomwaga uji wa moto mjini mwaka 2002 na kuufikia tena ukingo wa mji Mei 2021. Udongo wake ni mweusi, mawe yake ni meusi, kuta nyingi za nyua zimejengwa kwa mawe hayo. Video yenye vumbi jekundu na uwanda usio na mlima, mimi siiamini kuwa ni Goma mpaka nioneshwe vinginevyo.

Halafu zima picha usikilize sauti peke yake. Kiswahili cha Goma unakijua ukikisikia, kimechanganyika na Kifaransa kwa namna ambayo hakuna anayeweza kuiigiza akiwa anakimbia risasi. Miaka niliyofanya kazi chumba cha habari cha redio, tulikuwa tunakamata mikanda ya uongo kwa masikio kabla ya macho. Ukibaki na shaka, fungua Redio Okapi, iliyoanzishwa 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, shirika la Uswisi la habari. Inatangaza kwa Kiswahili pia. Nyumba zinazochomwa mjini hazitaipita kimya kimya.

SWALI: Mama, mimi ni Munyamulenge, Mtutsi wa Kongo kutoka Kivu Kusini, ninaishi Nairobi. Tangu Goma ianguke, watu niliosali nao miaka yote wananiita mvamizi na kunitumia sauti za kusema “warudi kwao”. Nikilalamika wanasema natetea M23. Sijawahi kuitetea. Niwajibu kwa historia? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Pole sana mwanangu. Barua yako ndiyo iliyonikosesha usingizi kati ya zote.

Historia unayo. Sheria ya 1972 iliwapa wengi wenu uraia, sheria ya 1981 ikawanyang’anya kwa kudai uthibitisho wa mababu wa mwaka 1885, na Katiba ya sasa, kifungu cha 10, inatambua kuwa ni Mkongo wa asili kila aliye wa makabila yaliyokuwapo nchini uhuru ulipopatikana mwaka 1960. Wape hayo mara moja, kwa upole. Usiwape mara ya pili. Hudaiwi uthibitisho wa kuwa binadamu, na uhalifu wa M23 si deni lako.

Wewe unayemtumia mwenzako sauti hizo, nakuomba kwa moyo wote uache. Nilikaa kwenye ukumbi wa mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Arusha wakati wa kesi ya vyombo vya habari vya Rwanda vilivyochochea mauaji ya kimbari ya 1994. Desemba 3, 2003 walitiwa hatiani watu 3, wawili wa redio RTLM na mmoja wa gazeti. Nilisikia mikanda ile ikichezwa. Ilianza na utani na muziki, na maneno ya “hawa si wa kwetu”, muda mrefu kabla ya mapanga.

Kwako wewe wa Nairobi: toka kwenye kundi hilo, lakini kabla hujatoka hifadhi sauti hizo, tarehe na namba zilizozituma, hasa zinazotaja jina la mtu au mtaa wake. Ofisi ya Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ya The Hague ilitangaza Oktoba 2024 kwamba inaendelea kuchunguza uhalifu uliofanyika Kivu Kaskazini tangu Januari 2022, wa upande wowote. Kesi ya Arusha ilisimama kwa sababu kuna watu waliotunza mikanda.