Barua taka kwenye anwani ya kampuni ya utalii: nani ajibiwe, nani aachwe

Ushauri unaorudiwa kila mahali ni huu: usifungue barua pepe ya mtu usiyemjua. Kwa mwenye ofisi ya utalii Arusha au Moshi hauna kazi. Mgeni anayetaka kupanda Kilimanjaro mwezi wa saba ni mtu usiyemjua, na barua yake inaingia kwenye anwani ileile ya info@ anayoandikia yule anayeahidi kuipandisha tovuti yako ukurasa wa kwanza wa Google. Mlango huwezi kuufunga. Inabidi umjue anayebisha hodi.

Anza na hesabu ya mtumaji. Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vikuu vya California, Berkeley na San Diego, walijipenyeza kwenye mtandao wa kompyuta zilizotekwa, ulioitwa Storm, wakafuatilia barua karibu milioni 350 za kutangaza dawa. Kwa siku 26 walipatikana watu 28 tu waliojaribu kununua. Mmoja katika milioni 12 na ushee. Muuza nyanya wa Soko la Kilombero kwa hesabu hiyo angekunja turubai siku ya kwanza, lakini mwenzetu huyu kompyuta si zake, umeme halipii, bando halimhusu. Gharama inabebwa na aliyeambukizwa kirusi na wewe unayekaa kufuta.

Ndiyo maana matusi hayamkwazi. Ukimjibu "acheni upuuzi wenu" umemhakikishia kwamba anwani ina mtu anayesoma, na anwani hai ina bei nzuri kuliko mfu pale orodha zinapouzwa. Hata kufungua tu kunaweza kukusaliti: ndani ya barua huwekwa picha ya pikseli moja, isiyoonekana kwa macho, ambayo ikivutwa kutoka kwenye seva ya mtumaji inamwambia barua imefunguliwa. Kwenye Gmail, kwa kompyuta, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya picha, kisha chagua uulizwe kwanza kabla picha za nje hazijaonyeshwa.

Kitufe cha kujiondoa kina kanuni fupi. Kama ulijiandikisha mwenyewe, mfano jarida la shirika la ndege, kibonyeze. Kama hujawahi kuwasikia, usikiguse. Iripoti kama taka na uendelee na kazi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inazikataza barua za namna hii, ila mtumaji akiwa nje ya nchi usitegemee sheria ikusafishie kikasha.

Barua inayowaliza watu zaidi ni ya safari hewa. Huja hivi: tuko watu 14, tunataka siku 10, tupeni bei ya jumla, je, mnapokea kadi? Haulizi mvua, haulizi nyumbu wako upande gani, bei haipigii hata kelele. Ukituma hesabu anakubali palepale, halafu linakuja ombi: kata kwenye kadi zaidi ya bei yako, ile ziada mtumie wakala wake kwa njia ya haraka kwa sababu wakala hapokei kadi. Kadi ni ya wizi. Mwenyewe akigundua, hata kama ni wiki kadhaa baadaye, analalamika benki kwake na malipo yote yanarudishwa kutoka kwenye akaunti yako. Ile ziada uliyotuma haionekani tena.

Dawa yake ni swali ambalo mgeni wa kweli hulijibu kwa furaha. Muulize anataka kupanda kwa njia ya Machame ya siku 6 au 7, au Lemosho ya siku 8, na ndege gani itamfikisha KIA. Mgeni halisi ataandika aya tatu na kuuliza kuhusu viatu. Tapeli atarudia swali la kadi. Na ziada ya mtu hairudishwi kwa mtu wa tatu hata siku moja: inarudi kwenye kadi ileile ilikotoka.

Upande wa pili wa tatizo wengi hawautazami kabisa, nao ni mgeni wa kweli anayetupwa kwenye folda ya taka. Gmail hufuta yaliyomo humo baada ya siku 30, basi ipitie kila asubuhi. Mara nyingi kosa liko kwenye fomu ya tovuti: fundi ameipanga itume barua kana kwamba imetoka kwa mgeni mwenyewe, wakati seva yako haina ruhusa ya kutumia anwani ya mgeni. Ukaguzi wa SPF na DMARC, unaohakiki kama seva inayotuma ina ruhusa ya kutumia anwani hiyo, unagoma, barua inaangukia takani. Mwambie fundi fomu itume kwa anwani ya kampuni, na ya mgeni iwekwe kwenye sehemu ya kujibu.

Tena usigeuke mtumaji taka wewe. Ofa ya masika, Aprili na Mei, ukiirusha kwa kila mgeni wa miaka mitano iliyopita, wataibonyeza kuwa taka. Tangu Februari 2024 Google inawataka watumaji wa wingi wasifikie malalamiko 0.3%, yaani watu 3 katika 1,000. Hata kama hutumi kwa wingi huo, jina la anwani yako likichafuka, bei unayomtumia mgeni wa kesho nayo itaishia takani.

Mfanyakazi akishaingiza neno la siri kwenye ile barua ya kitapeli ya "kikasha chako kimejaa", kulibadilisha peke yake hakutoshi. Watoe watu wote walioingia kwenye akaunti, washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha fungua vichujio na sehemu ya kusambaza barua. Mwizi huacha humo amri ya kujitumia nakala ya kila barua inayotaja malipo, ili siku moja amwandikie mgeni wako namba nyingine ya akaunti. Ifute, halafu wapigie simu wageni wote ambao bado hawajalipa.