Kabla hujafungua akaunti ya wingu, uliza ni barua pepe ya nani

Miaka michache iliyopita niliitwa na ofisi moja ya Mwanza ambayo mfumo wake wa mauzo ulikuwa umezimika tangu Ijumaa. Nikadhani seva imejaa, au kuna mtu kagusa asichokijua. Kumbe seva ilikuwa nzima. Kadi ya benki iliyokuwa inalipia huduma ya wingu, yaani seva za kukodi kwenye mtandao, ilikuwa imeisha muda, na barua zote za kukumbusha deni zilikuwa zinakwenda kwa kijana aliyefungua akaunti ile kwa barua pepe yake binafsi. Kijana alishaacha kazi. Namba ya simu iliyoandikishwa nayo ilikuwa yake, na haikuwa hewani tena. Tulihangaika siku sita mpaka tukampata kupitia kwa shangazi yake, akatusaidia kwa moyo mweupe. Siku zote hizo wahudumu wa kaunta walikuwa wanaandika mauzo kwenye daftari.

Tangu hapo, mtu akiniomba niwawekee wafanyakazi wake utaratibu wa kuingia kwenye huduma ya wingu, sianzi na manenosiri. Nauliza kwanza akaunti yenyewe ni ya nani.

Nitazungumzia AWS, huduma ya wingu ya kampuni ya Amazon, kwa kuwa ndiyo ninayoishika kila siku. Ukifungua akaunti pale, barua pepe uliyojiandikishia ndiyo ya mtumiaji mkuu, na yeye anaweza hata kuifunga akaunti nzima. Kwa hiyo barua pepe hiyo iwe ya ofisi, isomwe na watu wasiopungua wawili, na isibebe jina la mtu. Namba ya simu iwe ya laini iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, na itumike mara kwa mara, maana laini ikilala muda mrefu hufungwa na namba akapewa mwingine. Kifaa cha uthibitisho, yaani kile kinachothibitisha kuwa ni wewe baada ya kuandika nenosiri, kikipotea, njia ya kurudi ndani inapita kwenye barua pepe na simu hiyo hiyo.

Kuna mtego mmoja hapa ambao wengi hawauoni. Kama domeini (jina la mtandaoni linalofuata alama ya @) ya barua pepe ya ofisi inaendeshwa ndani ya akaunti hiyo hiyo ya wingu, siku akaunti ikisimamishwa na barua pepe inaweza kufa nayo. Utakuwa umefungia ufunguo ndani ya nyumba. Weka anwani ya mtumiaji mkuu mahali pengine kabisa.

Mtumiaji mkuu akishawekewa ulinzi, hafanyi kazi za kila siku. Mwekee vifaa viwili vya uthibitisho, kimoja cha mkurugenzi na kingine cha kufungiwa kwenye sefu. AWS inaruhusu hadi vinane. Usimtengenezee funguo za programu, yaani zile siri ambazo programu hutumia kuingia bila nenosiri, hata kwa dakika tano.

Baada ya hapo kila mtu aingie kwa jina lake. Najua ofisi nyingi zina akaunti moja inayoitwa "ofisi" ambayo nenosiri lake limebandikwa ukutani. Siku seva ikifutwa, kumbukumbu zitaonyesha kuwa "ofisi" ndiyo iliyofuta, na hapo kila mmoja atamtazama mwenzake. Tengeneza makundi kwa kufuata kazi, la mafundi, la wahasibu, la wanaotazama tu, kisha ruhusa uzipe kundi. Mtu akihama idara unamhamisha kundi, basi.

Mhasibu ana kisa chake. Nilimpa mmoja ruhusa zote za kuona bili na bado kila akifungua anaambiwa hana ruhusa. Nilipoteza alasiri nzima. Kumbe mtumiaji mkuu lazima kwanza awashe kibali cha watumiaji wengine kuona bili, kwenye ukurasa wa akaunti. Ukimwekea mhasibu njia hiyo mapema, kadi ikikaribia kuisha muda yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kujua.

Kwa uthibitisho wa hatua mbili, napendelea programu ya simu inayotoa tarakimu sita kila sekunde 30 kuliko ujumbe mfupi. Laini inaweza kuibwa kwa udanganyifu, na jambo hilo tunalifahamu vizuri huku kwetu. Tena programu hiyo inafanya kazi hata bando likiisha. Ila saa ya simu iwe sahihi: mtu akilalamika kuwa tarakimu zinakataliwa, kabla hujafanya lolote mwambie aache simu ijipangie saa yenyewe.

Jambo linaloniuma zaidi ni funguo za programu zinazoandikwa ndani ya msimbo. Msimbo ukipandishwa hadharani, kuna mashine zinazozunguka usiku na mchana kutafuta funguo kama hizo. Seva iliyo ndani ya AWS haihitaji kuandikiwa ufunguo. Ipe wajibu wake (kwa Kiingereza role, yaani fungu la ruhusa) kupitia IAM, sehemu ya AWS inayosimamia watumiaji na ruhusa, nayo itapata vibali vya muda yenyewe. Pale ambapo ufunguo hauepukiki, kila mtumiaji anaruhusiwa kuwa na miwili, na hiyo ni nafasi ya kubadilisha bila kuzima kitu: tengeneza wa pili, hamishia programu huko, zima wa kwanza, subiri siku kadhaa, ndipo uufute.

Na mfanyakazi akiondoka, kumwondolea nenosiri hakutoshi. Funguo zake zinaendelea kufanya kazi kana kwamba bado yupo. Zizime siku hiyo hiyo, hata kama mmeagana kwa keki na picha.

Ile ofisi ya Mwanza bado ni wateja wangu. Kila baada ya miezi mitatu naketi na mkurugenzi, tunatoa bahasha kwenye sefu, tunaingia kama mtumiaji mkuu, kisha tunatoka. Mara ya mwisho bahasha ilikuwa sawa na kifaa kilikuwa sawa, lakini laini ya kampuni tuliikuta imeshafungwa. Tuliirudisha kabla ya chakula cha mchana, na sasa iko kwenye simu ya mezani kwa mhasibu, inapokea na kupiga kila siku.