Barua kwa mwanangu: angalia kama maji hutoka

Mwanangu mpendwa,

Salaam kutoka Gazi. Sote hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Jumapili uliniuliza kwenye simu, "Baba, mtu atajuaje kama avumilie au aondoke?" nikakosa jibu. Mwaka wa tatu huu uko kwenye kazi hiyo ya Nairobi, na sauti yako niliisikia imechoka. Wiki nzima nimetembea na swali lako mikokoni.

Unaikumbuka mbegu ya mkoko? Huota ingali mtini, ikaning'inia kijani na ndefu, ncha ikitazama chini. Naishika katikati, naidunga topeni mpaka theluthi yake izame. Mtoto yeyote anaiweza kazi hiyo. Pa kuidunga ndipo penye ujuzi.

Mikoko ya huku ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda, na upandaji ulipoanza mwaka 1991 tulikuwa na pupa ya kuona pwani inarudi. Mimi na wenzangu tukapanda safu ndefu mbele kabisa, kunakoelekea bahari, kwa kuwa palikuwa wazi. Miche ikafa. Tukarudia pale pale, ikafa tena. Niliumia, mwanangu. Nilidhani hatukujitahidi vya kutosha. Mzee mmoja akanichukua maji yakiwa yanakupwa, akaniambia nisimame tu nitazame. Pale mbele maji yalichelewa kuondoka, na kabla matope hayajapata jua yalikuwa yameshaanza kurudi.

Mkoko mchanga hufunikwa na maji ya chumvi mara mbili kwa siku, na huishi. Matope yake hayana hewa, kwa hiyo mizizi huvuta pumzi kwa vitundu vidogo vya gome lake, maji yakishatoka. Pumzi hiyo ndiyo huuvusha mpaka maji yapwe tena. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoporomosha udongo kule Mwache, karibu na Mombasa, mizizi ilizikwa, na mikoko mikubwa ikakauka imesimama. Ilikuwa imeizoea bahari miaka yote. Ilikosa pumzi.

Basi ugumu wa kazi yako sikuulizi. Nakuuliza, hapo ulipo maji hutoka? Ukifunga mlango Ijumaa, unalala? Ulipokuja Idi uliamka usiku mara mbili kujibu simu ya ofisini, nami nikajifanya nimelala. Ningepaswa kukuuliza siku ile ile.

Tangu ukiwa mdogo nakwambia mvumilivu hula mbivu. Bado naamini hivyo. Ila sikuwahi kukwambia kwamba ile safu yetu ya mbele nayo ilivumilia, na hatukupata kitu. Ukiona hapo hupati pumzi kabisa, ondoka, na usimwonee mtu haya. Ukiona unaipata, japo kidogo, kaa, nami nitakuombea.

Usiamue ukiwa umechoka. Omba siku tatu uje kwenye bamvua la mwezi mpevu, maji yanapopwa mbali sana; hupwa kabla ya adhuhuri. Tutatembea mpaka mbele kule, nikuonyeshe pale tulipopanda mara mbili. Viatu vyako vya matope bado viko nyuma ya mlango.

Baba yako