Maswali ya Wasomaji: Programu ya Balistiki na Upepo wa Mita 900

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, na ninafanya mazoezi karibu na Nanyuki huku nikijiandaa kwa mashindano ya Bisley, Uingereza, mwezi Julai. Programu ya balistiki iliyo kwenye simu yangu, yaani ile inayokokotoa njia ya risasi, naijaza kila kitu: uzito wa risasi, kasi yake inapotoka mtutuni, upepo ninaoupima mwenyewe, na mgandamizo wa hewa ninaousoma katika taarifa ya hali ya hewa. Hata hivyo, kwenye mita 900 risasi zangu hupiga juu ya kitovu, tena mara nyingi huangukia upande ule ule upepo unakotokea. Je, nitafute programu nyingine? (Msomaji, Nanyuki)

JIBU: Ndugu msomaji, baki na hiyo uliyonayo. Dalili hizo mbili zikija pamoja, jambo la kwanza la kushuku ni kwamba programu inadhani risasi yako inapasua hewa nzito kuliko iliyopo. Mgandamizo unaotangazwa katika taarifa za hali ya hewa kwa kawaida huwa umekwisha kurekebishwa ili ulingane na usawa wa bahari, kwa hiyo utausoma kuwa hektopaskali 1,013 au karibu na hapo, ilhali Nanyuki, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,950, mgandamizo halisi hauko mbali na hektopaskali 800. Soma mgandamizo wa hapo ulipo kwa kipimo chako, kisha hakikisha programu imeelezwa kwamba huo ndio mgandamizo halisi, isije ikaupunguza tena kwa kutumia mwinuko.

Kosa hilo huharibu hesabu ya upepo pia, kwa sababu risasi husogezwa pembeni kwa kadiri hewa inavyoichelewesha. Chukua risasi inayotoka mtutuni kwa mita 900 kwa sekunde: pasipo hewa ingefika mita 900 kwa sekunde moja, lakini karibu na usawa wa bahari inaweza kutumia sekunde moja na nusu. Zidisha ucheleweshaji huo wa nusu sekunde kwa upepo wa ubavuni wa mita 4 kwa sekunde, nawe utapata mita 2 za kusogea. Katika hewa nyepesi ya kwenu ucheleweshaji hupungua kwa takribani moja ya tano, kwa hiyo programu iliyodanganywa itakusahihishia sentimita 40 za ziada kuelekea upepo unakotoka. Ukifika Bisley, kwenye hewa nzito zaidi, mambo yatageuka, na jedwali uliloliandika Nanyuki halitakufaa.

Utasikia wenzako wakijadili sana mzunguko wa dunia. Nanyuki iko kwenye ikweta, na huko mzunguko huo hausogezi risasi kushoto wala kulia. Huipandisha ukipiga kuelekea mashariki na kuishusha ukipiga kuelekea magharibi, kwa sentimita kumi hivi katika mfano wetu. Bisley, iliyo kwenye latitudo ya digrii 51 kaskazini, utaisogeza kulia sentimita 7 au 8. Acha programu ihesabu hayo, nawe usiyapotezee usingizi, maana ukikosea upepo kwa mita moja tu kwa sekunde, umekosea nusu mita nzima.

Hapo ndipo penye kazi. Kipima upepo hupima mahali ulipolala peke yake, wakati risasi inapita karibu mita tatu juu ya mstari wa jicho lako na kukuta pepo tofauti njiani. Upepo wa karibu nawe una uzito zaidi, kwa kuwa risasi iliyopindishwa mapema huendelea na mwelekeo huo hadi mwisho, lakini wa katikati ya uwanja haupuuziki. Tazama bendera, kisha rudisha fokasi ya darubini yako mbele kidogo ya shabaha uone mazigazi, yaani mawimbi ya hewa yenye joto, yanavyotiririka: yakitiririka upande mmoja, upepo unavuma huko, yakichemka kwenda juu, ama hakuna upepo ama unavuma sambamba na mstari wako. Upepo ukipita mita 5 kwa sekunde hivi, mazigazi hulala na hayakuambii tena kasi yake. Mimi ningeiomba programu jambo moja tu kuhusu upepo, yaani kiasi cha kusahihisha kwa kila mita moja kwa sekunde, nikiandike kwenye kadi, kisha simu niirudishe mfukoni.

SWALI: Upepo ulinijia usoni moja kwa moja, programu ikasema sifuri, lakini risasi zilitawanyika kushoto na kulia. Kwa nini? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Kwa sababu upepo wa usoni ndio mgumu kuliko wote. Upepo huo ukigeuka digrii 15 tu, robo ya nguvu yake inakuwa ya ubavuni. Kwa upepo wa mita 4 kwa sekunde, hiyo ni nusu mita katika hesabu tuliyoifanya hapo juu, na ukigeukia upande wa pili unapata nusu mita nyingine. Upepo wa ubavuni kabisa ukigeuka kiasi hicho hicho hubadilika kwa chini ya asilimia 4. Usifyatue risasi wakati bendera inayumba katikati. Chagua upande mmoja inakoelekea mara nyingi, weka marekebisho ya upande huo, na usubiri irudi pale pale kabla ya kila risasi, mradi muda wa mashindano unakuruhusu.