Farming Simulator ijayo iniwekee unyevu kwenye mahindi

Mkuu mleta mada umeuliza toleo lijalo la Farming Simulator, gemu ya kilimo, liongeze nini, na wengi hapo juu wametaja matrekta. Mimi nacheza tangu lile la 2011, na mashine zilishanitosha siku nyingi. Ninachotaka ni mahindi yanayoweza kuharibika baada ya kuvunwa.

Giants, kampuni inayotengeneza gemu hii, tuwape haki yao kwanza. Farming Simulator 22 ilileta majira ya mwaka na mawe ya kuokota shambani. Ile ya 25 (FS25), iliyotoka Novemba 2024, imeleta matairi yanayochimba tope, mvua ya mawe, na mpunga wa kupandikizwa kwenye jaruba lenye maji. Kwetu ni Mbozi, ila nina binamu analima mpunga Mbarali. Nilipomwonyesha ule mpunga alikaa kimya akitazama maji yanavyojaa jarubani, kisha akaniomba aendeshe yeye.

Sasa angalia kinachotokea kombaini ikishamaliza. Unamwaga mahindi kwenye silo, unafungua grafu ya bei, unaona mwezi inapopanda, unasubiri. Hata ukikaa nayo miaka miwili, haipungui punje. Uamuzi mgumu kuliko yote kwa mkulima, wa kuuza leo au kungoja, gemu imeshakuamulia.

Kwetu uamuzi huo ndio ada ya shule. Kuna mwaka tulivuna Juni, lori la kukodi likawa linasubiri shambani, tukapukuchua haraka na kufunga gunia 38 bila kuanika vya kutosha. Mama alitaka kuuza Januari. Novemba nikafungua gunia la juu, nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa na joto kama la mtu mwenye homa, na mkono ukatoka mweupe kwa unga. Dumuzi, wadudu wanaotoboa punje za mahindi, wale wanaoitwa Scania. Magunia ya chini yalikuwa na ukungu, hayo hata kuku hatukuwapa kwa kuogopa sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Tuliokoa gunia 11.

Baada ya hapo bwana shamba alitufundisha kipimo cha chupa. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia punje na chumvi kavu, unatikisa dakika chache, unaacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha turubai juani. Ya kuhifadhi inabidi yashuke hadi 13 hivi. Tangu siku hiyo mama hafungi gunia bila kutikisa chupa.

Hicho ndicho ninachotaka kukiona kwenye gemu. Kombaini inionyeshe unyevu wa ninachovuna. Nikivuna mapema, mnunuzi akate bei au nilipie mafuta ya kukaushia. Nikichelewa, mvua ilaze mabua. Silo liwe na joto lake, feni zake, na hasara ya kila mwezi kwa aliyemwaga mahindi mabichi. Hapo ile grafu ya bei itakuwa na maana, kwa sababu kila mwezi ninaosubiri nitakuwa nimeweka kitu rehani.

Wala si jambo lisilowezekana. Enzi za Farming Simulator 17 kundi la wachezaji la Realismus lilitoa modi (nyongeza ya gemu inayotengenezwa na wachezaji) ya Seasons iliyofanya marobota ya nyasi yaliyoachwa nje yaharibike, miaka kadhaa kabla Giants wenyewe hawajaweka majira. Kama wachezaji waliweza, kampuni inaweza.

Wadudu wa shambani nao waje. Magugu yapo, lakini sijawahi kulazimika kushuka kwenye trekta na kuangalia moyo wa mhindi kama una kile kinyesi kinachofanana na unga wa mbao, dalili ya viwavijeshi vamizi. Kwetu asubuhi zote za Januari huishia hapo.

Kuna aliyesema hapo juu kwamba anacheza apumzike, hataki mawazo. Namwelewa kabisa. Magugu na mawe unaweza kuyazima kwenye mipangilio, basi na unyevu uwe na swichi yake. Mimi nitauwasha.

Kwa sasa tuko watu wanne kwenye seva yetu, wote FS25. Mwenye modi ya unyevu wa nafaka aliyokwisha kuijaribu na wenzake mtandaoni bila kukwama, naomba aitaje hapa.